Gunia la Karanga Mbovu

Auleria hana hasira za kificho. Akimkasirikia jirani, mtaa mzima wa Mwananyamala unapata habari. Akiikasirikia mboga iliyozidi chumvi, sufuria ndiyo inapata habari. Kwa hiyo alipoanza kufika kibaruani kimya, akikaa kwenye mkeka na ungo wake bila kumsema mtu, wenzake walijua nyumbani kwake hakuko sawa.

Kibarua chenyewe kilikuwa Buguruni, stoo ya Bwana Thuwaini, ambaye familia yake imeuza nafaka hapo tangu enzi za babu yake. Wanawake walichambua karanga. Nono na nyekundu ziliingia kwenye gunia safi, zikaenda kwa wakaangaji na kwenye maduka makubwa. Zilizosinyaa, zilizovunjika, na zile zenye ukungu wa kijani ziliwekwa kando, na kwa desturi ya pale, mbovu ni mali ya mchambuaji. Mwenye stoo haziulizi. Kila mwanamke alikuwa na gunia lake la mbovu, akalifunga mdomo kwa kipande cha khanga yake chakavu ili lisichanganywe na la mwenzake. Kila Jumamosi alikuja kijana mmoja mpole, Kondo, akayanunua yote.

"Ya kuku," alisema siku ya kwanza, na hakuna aliyemuuliza tena.

Kilichomnyamazisha Auleria ni mjukuu wake, Wilbert. Mtoto alikuwa ametimiza mwaka na nusu, lakini mikono yake ilikuwa myembamba kama ya mtoto wa miezi sita, na kila akipimwa kliniki uzito ulikuwa pale pale. Hilo Auleria hakulielewa kabisa. Yeye ni mtu wa Muleba, alilelewa kwa maharage na karanga, na kwake karanga zilikuwa kama imani. Mboga bila karanga aliiita maji ya kuoshea vyombo. Mbegu za maboga alizikaanga akaweka kwenye kopo, akawa anamlazimisha kila mgeni azitafune. Uji wa Wilbert ndio usiseme: ni yeye mwenyewe aliyemletea binti yake, Asifiwe, unga wa lishe wenye karanga ndani, pakiti yenye picha ya mtoto mwenye mashavu, akasimamia kila kikombe mpaka kiishe.

Siku moja kliniki walikwenda wote watatu. Nesi, binti wa makamo ya Asifiwe, aliikagua pakiti mbele na nyuma.

"Bibi, karanga ni nzuri," alisema. "Zina protini, zina mafuta yanayojenga mwili. Mbegu za maboga nazo zina madini. Ila mtoto mdogo asipewe nzima nzima, zitamkaba. Mpaka zisagwe."

"Si ndiyo hizo zimesagwa?"

"Ndiyo, lakini hizi aliyezichagua simjui. Karanga zikiota ukungu zinakuwa na sumu, tunaiita sumukuvu. Haifi kwa kukaangwa, wala kwa kusagwa, wala kwa kuchemsha uji. Inaharibu ini. Mtoto akiila kila siku, anaweza hata kudumaa. Achaneni na unga huu kwanza. Nunueni karanga zenu, mzichague wenyewe."

Auleria alifura. Njia nzima alimsema nesi, kibinti cha juzi, anasoma makaratasi halafu anamfundisha yeye karanga! Asifiwe alipofika nyumbani akaumwaga unga uliobaki, ikawa vita.

"Mtoto amekonda hivi, halafu unamnyima lishe? Una roho gani wewe?"

"Mama, nesi kasema."

"Nesi ndiye aliyekulea?"

Kesho yake, kwa jeuri tu, aliamua kwenda kununua unga mwingine pale pale unaposagwa, Mtoni, upya kutoka mashineni, auweke mezani aone nani atautupa. Jina la mtaa lilikuwa kwenye pakiti. Aliulizia, akaonyeshwa kibanda cha mabati chenye mashine inayonguruma na vumbi jeupe mlangoni.

Ndani, mbele ya kikaango kikubwa, alisimama Kondo. Nyuma yake kulikuwa na magunia yamepangwa, na la juu kabisa lilikuwa limefungwa kwa kipande cha khanga ya zambarau ambacho Auleria alikichana mwenyewe.

"Shikamoo mama," alisema Kondo.

Hakuitikia. Katika maisha yake yote hakuwahi kuiacha shikamoo ya mtu ining'inie, lakini siku ile aliiacha.

"Kuku wako wako wapi, Kondo?"

"Mama, karibu ukae kwanza..."

"Nimekuuliza kuku!"

"Tunazikaanga vizuri mama, mpaka zinaiva. Moto unaua kila kitu. Tunachanganya na ulezi, na mchele, na soya. Hata harufu huisikii."

"Wanao wanakula uji huu?"

Kondo aliitazama mashine. Auleria akampa vidonge vyake hapo hapo, mbele ya wateja, hakubakiza kitu. Alimwita muuaji, alimwita nyoka, aliuliza mamake alimzaa kwa ajili gani. Vijana wa jirani walijaa mlangoni. Kondo alivumilia, akavumilia, mwisho naye akachoka.

"Mama, usinijazie watu. Mie nakaa chumba kimoja cha kupanga. Kuku wa kula magunia yote yale ningewafuga wapi? Hilo nyie hamkuliona? Mbona hukuniuliza?"

Swali hilo lilimuuma Auleria kuliko matusi. Alikuwa ameziona karanga zile kwa macho yake, akazishika kwa vidole vyake, akazitenga kwa sababu alijua fika hazifai kuliwa na mtu. Halafu akazifunga, akaziuza, na hakutaka kujua zaidi.

Jumamosi Auleria alifika stoo na dumu la oili chafu alilopewa gereji. Alilifungua gunia lake, akaimimina yote, karanga zikawa nyeusi tititi. Akawaeleza wenzake kila kitu: Mtoni, kikaango, unga, Wilbert. Wanawake walimsikiliza. Kisha Vaileth, rafiki yake wa miaka mingi, akalivuta gunia lake karibu na miguu.

"Pole dada. Kweli inauma. Lakini langu usiliguse."

"Vaileth, ni sumu!"

"Na hiyo sumu ndiyo inanilipia chumba. Nimuache nani alale nje?"

Kondo aliingia kwa mlango wa nyuma, macho chini, akaanza kubeba. Hakuna aliyemzuia. Auleria alimgeukia Bwana Thuwaini, aliyekuwa ametoka ofisini kusikiliza kelele.

"Na wewe unaangalia tu?"

"Auleria, mbovu ni zenu tangu zamani. Sie hazituhusu."

"Ndiyo maana!" Sauti ilimpasuka. "Wewe hazikuhusu. Kondo hazimhusu, yeye anakaanga tu. Vaileth hazimhusu, na mie mpaka juzi hazikunihusu. Zimemhusu nani basi? Zimemhusu mtoto wa mwaka na nusu! Nimemlisha mwenyewe, kwa kijiko, akikataa namshika kidevu!"

Alitoka mpaka barabarani, mbele ya stoo, penye watu wa Jumamosi na vikapu vyao, akaanza kuwaambia. Aliwaambia magunia yale yana nini, yanakwenda wapi, na yanarudi majumbani kwao yakiwa unga wa nini. Mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni alisimama. Wengine wakasimama.

Bwana Thuwaini alimfuata haraka, akamshika mkono, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, unaniharibia jina. Nyamaza, twende ndani tuzungumze. Kibarua chako kipo, na nitakuongeza. Ukiendelea, hapa usirudi."

Auleria alimtazama. Aliwaza kodi ya nyumba, na dawa, na maziwa ya Wilbert. Kisha akautoa mkono wake mkononi mwa bwana huyo, akamgeukia yule mama mwenye mtoto mgongoni.

"Mwanao anakunywa uji gani?" akamuuliza.