Nyumba ya Mama Kwenye Rangi ya Buluu

Mwaka ule mto Nyamwamba uliposhuka Kasese na kubeba nyumba za watu, ofisi ya mipango ya mji, nilikokuwa mchoraji, ilinipa kazi moja: nichore mji ulivyokuwa zamani, wapi palilimwa, wapi palijengwa, wapi maji yalipita. Ramani za ofisini zilikuwa zimeliwa na mchwa. Nikaambiwa kuna mzee mmoja huko Bwera, mpimaji wa zamani wa mgodi wa shaba, anayo moja.

Mzee hakuwa na masihara. Aliitoa chini ya kitanda, ndani ya bomba la plastiki, akabaki na kitambulisho changu. "Ukirudisha yangu, nitakupa chako. Ikipasuka, usikanyage hapa." Looh! Njia nzima ya kurudi niliipakata kama mtoto mchanga.

Kazi yenyewe ilikuwa tamu. Unatandika karatasi laini inayoonyesha chini, unafuata mistari, kisha unapaka: kijani mashamba, njano nyumba, buluu maji. Reli na kanisa havikuhama, basi nilianzia hapo. Penye magereji leo palikuwa mashamba ya pamba! Nilikuwa napiga mluzi peke yangu mpaka kalamu ilipofika mtaani kwetu.

Palikuwa na mistari miwili ya nukta. Nilijiambia ni njia ya ng'ombe. Nilijidanganya mchana kutwa, maana maelezo yalikuwa pembeni, waziwazi: mkondo wa zamani wa mto. Nyumba aliyotuachia baba, aliyekuja kutoka Kenya kufanya kazi mgodini, ilikuwa katikati kabisa. Na wote waliokaa penye buluu wangetakiwa kuhama. Nilikasirika jamani. Nilimkasirikia mpimaji, mto, hata marehemu baba. Ningepaka njano, nani angejua? Lakini mama yangu alikuwa analala humo.

Nikapaka buluu. Kumwambia, sikumwambia. Niliogopa, na hadi leo naona haya.

Siku ofisi ilipoita mkutano wa wakazi, ramani ilibandikwa ukutani. Majirani zetu wakapiga kelele: uongo, munataka kutunyang'anya ardhi! Mama, ambaye hajui kusoma, alijipenyeza mpaka mbele. Akauliza reli iko wapi, kanisa liko wapi, akaonyeshwa, akafuata kwa kidole mpaka kwake.

"Nani alipaka hapa?"

"Ni mimi, mama."

Aliniangalia mpaka nikainamisha kichwa. Kisha akawageukia majirani. "Huyu ni mutoto yangu, mimi nilimuzaa. Kama yeye ameweka nyumba ya mama yake kwa maji, nyinyi munangoja nini?"

Akatoka.

Nilipofika nyumbani jioni alikuwa ameshaita fundi, wanang'oa mabati. Majirani wawili nao walikuwa juu ya mapaa yao. Nilianza kumwomba msamaha.

"Shika huko," akasema, akanisukumia upande wa pili wa bati.