Mwili Haujui Kwamba Ni Filamu

Jirani yangu wa mlango wa pili, bibi wa Kituruki aliyewahi kuwa nyota wa filamu kwao, amefariki usingizini hapa mjini Hopkins, huku ughaibuni. Tangu nipate habari hiyo, wasomaji wangu, mlango ukigongwa nashtuka. Nimehamahama miji mingi, na kila mahali nimekumbuka nilikotoka, lakini jirani kama yeye sikupata. Katika filamu alikuwa mtu wa kufa: kwa sumu, kwa risasi, kwa mapenzi. Aliniambia kwamba sokoni kwao wanawake walimshika mashavu wakilia, wakimshukuru Mungu kwa kumfufua. "Nami nililia nao," alisema. "Ningefanyaje?"

Wiki moja kabla ya kifo chake tulikuwa kwake tukinywa chai, mimi na dada mmoja Mkongomani wa ghorofa ya chini, ambaye karatasi zake za ukaazi bado hazijakamilika. Mnajua hofu ya maafisa wa uhamiaji iliyoingia majengo yetu msimu huu wa baridi. Mlango ukagongwa kwa nguvu. Nikachungulia: wanaume wawili, makoti meusi. Dada akakimbilia bafuni. Bibi akaweka bilauri yake mezani taratibu, akafungua mlango, akashika kifua, akaanguka. Nilijua anaigiza. Kisha nikaona jasho kwenye paji lake na midomo inavyopauka, nikawa sijui tena. Mmoja wa wale wanaume akapiga magoti kando yake, akieleza: wao ni mafundi wa mabomba ya joto tu, je, aite gari la wagonjwa? Bibi akafumbua jicho moja, akawaomba waanzie jikoni.

Walipoondoka, dada akaniita kutoka bafuni, kwa Kiswahili cha kwao ambako yaya ni mkubwa wako, "Yaya, balishaenda?"

"Walikuwa mafundi," nikamjibu.

"Mafundi! Na miye nilishaahidi Mungu mambo mingi humu!"

Tukacheka mpaka machozi. Bibi hakucheka. Nilimshika mkono, ulikuwa baridi na unatetemeka.

"Bibi, mchezo umekwisha."

"Mimi najua," akasema. "Mwili haujui kwamba ni filamu."

Tulimsihi twende hospitali. Alikataa, akasema amekufa mara nyingi mno hata haogopi kifo tena.

Sisemi hofu ndiyo iliyomuua. Alikuwa mzee, na moyo wake ulikuwa na historia yake. Ila naogopa, kwa sababu nasi tunaigiza kila siku. Kazini tunacheka na wagonjwa tunaowahudumia. Watoto tunawaambia hakuna kitu, wanatujibu "okay" bila kututazama. Tukipigiwa simu kutoka nyumbani, twasema tuko salama, tunamshukuru Mungu. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na hofu nayo ni maradhi. Afadhali kuwa na mtu mmoja ambaye mbele yake huigizi.

Jana mama alinipigia simu. "U salama, mwanangu?" Nikavuta pumzi nitoe lile jibu la siku zote. Halafu nikamwambia kwamba naogopa.

"Nilijua," akasema. "Nilikuwa nangoja uniambie, nijue nikuombee nini."