Siku Tuliyompeleka Mama Mwende Fainali

Enzi zetu kule Nuu, miaka ya themanini ikianza, voliboli haikuwa mchezo wa kununuliwa dukani. Wavu tuliusuka wenyewe kwa kamba za katani, zile zile mama zetu walizosukia vyondo, vile vikapu vyao, na mistari ya uwanja tuliichora kwa jivu la jikoni. Mpira tu ndio ulitoka dukani, nao ulikuwa umeshonwa mara nyingi hadi ukiupiga unaenda upande unaoutaka wenyewe. Vijana wa leo wakikosa viatu vya jina fulani hawachezi. Sisi tulicheza miguu mitupu, na jioni tukatoana miiba kwa pini huku tukichekana.

Klabu yetu ilikuwa ya wasichana, na aliyetuzidi sote ni Mwende. Alipokuwa akiruka, sisi tuliobaki chini tulisahau kucheza, tukabaki kumtazama. Haikuchukua muda timu ya wilaya ikamchukua, ikafika fainali, na fainali hiyo ikapangwa Mwingi siku ya Jumamosi. Tena kulikuwa na kampuni moja ya Nairobi iliyotaka kumwajiri aichezee. Walitaka jibu siku hiyo hiyo, la sivyo wangemchukua msichana mwingine. Baba yake alikuwa ameshafariki, kwa hiyo jibu lilikuwa la mama yake.

Hapo ndipo palikuwa na kazi. Mama Mwende alikuwa mtu wa kanisa kwelikweli na hakuwahi kukanyaga uwanja wetu. "Mtoto wa kanisa havai kaptura mbele ya wanaume," alikuwa akisema, nasi tukipita kwake tulizificha zetu chini ya sketi. Tulienda klabu nzima kumsihi. Alitusikiliza bila kuacha kusuka kyondo chake, kisha akasema, "Siwezi toa mtoto kwa kitu sijaona. Nitaenda nione. Nikikosa kuona, haendi mahali."

Mwende alikuwa ametangulia na timu yake; sisi tuliondoka na mama yake alfajiri kwa lori la mbuzi, sisi mbele na mbuzi nyuma, katikati yetu ubao mmoja tu. Tulibeba sufuria ya muthokoi, mahindi ya kukobolewa, na maharagwe, na uji kwenye kitete, kibuyu chetu. Mama Mwende alivaa nguo yake ya Jumapili na viatu vyeusi vilivyong'aa, Biblia mapajani. Tuliimba nyimbo za kanisa kwani nyimbo za aina nyingine angetukataza, na mbuzi walituitikia vizuri kuliko kwaya yetu.

Tulipofika kwenye mto wa mchanga, lori likazama. Dereva, Njoroge, mtu wa Murang'a aliyekuwa mgeni katika njia zetu, alikanyaga mafuta kwa hasira mpaka redieta ikachemka na maji yote yakamwagika. Tulikata matawi, tukayapanga chini ya magurudumu, tukasukuma hadi lori likapanda ng'ambo. Lakini bila maji lisingeenda popote, na jua lilikuwa limeshapanda. Njoroge akaketi kivulini. "Tungojee lori ingine," akasema. "Hii mto imekauka kitambo."

Tulimcheka mpaka tukashika mbavu. Kukauka! Mtoto wa Nuu anajua kuchimba maji chini ya mchanga wa mto kabla ya kujua kusoma. Tukaingia kazini kwa vifuniko vya sufuria, kwa sahani, kwa mikono. Shimo la kwanza likafika kwenye mwamba bila hata unyevu. La pili likabomoka. Nilianza kuogopa kweli. Niliwaza Mwende akitafuta nyuso zetu uwanjani, na ile kampuni ikigeukia msichana mwingine.

Mama Mwende akasimama. Akavua viatu, akaweka Biblia juu yavyo, akaikunja ile nguo ya Jumapili na kuifunga kiunoni hadi magoti na mapaja yakawa nje, akaruka ndani ya lile shimo lililobomoka. "Leteni sahani," akasema. Alichimba na sisi, mchanga ukimwingia nyweleni, na Njoroge akatazama milimani kwa adabu. Mwenzangu mmoja akanifinya, akanionyesha mapaja yale kwa jicho. Tuliuma midomo. Hakuna aliyethubutu kutaja kaptura.

"Mwaitu, maji iko!" mmoja wetu akapiga kelele. Mama, maji yapo. Yalikuja polepole, mekundu, tukayachota kwa kitete huku mbuzi wakilia kwa kiu. Tuliwapa kidogo, redieta ikanywa mengine, tukaondoka.

Tulifika Mwingi seti ya mwisho ikichezwa. Tulikuwa wekundu kwa vumbi kuanzia kichwani, watu wakatupisha wenyewe. Mama Mwende alisimama mbele kabisa, nguo bado imefungwa kiunoni, viatu mkononi. Mpira ukainuliwa. Mwende akaruka, akakaa huko juu, akaupiga, nami nikasikia mama yake akivuta pumzi. Akaruka tena. Na tena. Timu yake ilishindwa, sisi tukalia, Mama Mwende hakulia.

Yule mtu wa kampuni alipokuja, Mama Mwende hakumngoja aulize. "Aende," akasema. "Kama anaruka hivyo, mimi ni nani nimshike miguu?"

Mwende alienda. Siku hizi mto ule unavukwa kwa gari dogo bila kushuka, na vijana wanafika Mwingi kabla chai haijapoa, wakasimama uwanjani wakitazama mechi kupitia simu zao, kisha wakarudi bila kujua nani alishinda. Natamani wangejua ladha ya kukaribia kukosa kitu. Mama Mwende ni mzee sasa, na macho yamemwishia. Mwezi uliopita kitukuu wake alimletea simu karibu kabisa na uso, akimwambia, "Susu, angalia, hawa wanaruka vizuri sana!" Mama Mwende aliisukuma simu polepole kwa kiganja.

"Mimi nilimwona Mwende," akasema.