Fundi Twaha na Kanga Zisizopindwa

Fundi Twaha Kibwana ameshonea kwenye baraza ya duka langu, Mtaa wa Uhuru, kwa miaka ishirini na saba, na sijawahi kumwona akiachia nguo itoke na uzi unaoning'inia. Mimi nauza uzi, zipu na vifungo, duka aliloniachia baba. Yeye anapinda kanga za wateja wa maduka ya jirani. Mteja ananunua doti, anakaa kwenye kigoda, na kabla hajamaliza kusimulia harusi anayokwenda, kanga zake zimekatwa, zimepindwa, zimekunjwa, ziko mapajani. Mwaka juzi Fundi alimkimbiza mteja mmoja hadi Mnazi Mmoja, mkasi mkononi, watu wakidhani kuna mauaji. Kumbe alisahau kukata uzi kwenye kona moja. Alipomfikia akaukata, akamwomba radhi, akarudi anatweta, akaniambia, "Abdulla, ningelala vipi?"

Ana dosari moja, nayo ni kupenda jina. Sare za nusu ya watoto wa Magomeni, anakokaa na mkewe Tatu, kashona yeye, na akimwona mtoto kavaa shati lake humsimamisha barabarani amweke kola sawa. Hakuna anayejua ni kazi ya nani. Miaka yote amekuwa akininung'unikia kwamba mwashi akijenga msikiti hutajwa siku ya ufunguzi, lakini fundi cherehani anaishia kufuliwa na kuanikwa.

Basi akaja Benjamini.

Benjamini ni msanii. Nalisema mapema asije akanuna, maana yeye mwenyewe alilisema kabla ya salamu. Kijana wa miaka thelathini na kitu, kasoma Ulaya, suruali imechanwa magotini kwa makusudi, jambo lililomtia Fundi huruma hadi akataka kumwekea viraka bure. Alibeba furushi la kanga kuukuu arobaini alizozikusanya kwa mabibi wa watu, na alitaka ziungwe ziwe kitambaa kimoja cha kufunika ukuta.

"Shikamoo, mzee wangu. Nataka tuzungumze na kumbukumbu za mama zetu."

"Marahaba. Unataka mshono mmoja au miwili?"

Wiki mbili Fundi aliunga. Kanga zile zilikuwa zimefuliwa hadi zimechakaa, hii fupi, ile imevutika upande, maua ya moja hayakutani na ya nyingine. Yeye akayakutanisha. Alikuwa akizifumua na kuziunga upya kwa sababu ya jani moja lililokaa vibaya, jani ambalo mimi na miwani yangu sikuliona. Benjamini alikuja kila siku saa ya kahawa. Alikunywa kahawa yangu, akala kashata zangu, akapiga picha miguu ya Fundi ikikanyaga cherehani. Uso hakuupiga hata mara moja. Alisema anafuatilia mchakato.

Siku ya mwisho zikabaki kingo za nje. "Pembeni acha kwanza, mzee wangu," alisema kijana. Fundi akadhani anakwenda kuleta uzi wa rangi maalumu, akaacha. Kesho yake likaja gari, watu wawili wakabeba kitambaa, Fundi akalifuata akipiga kelele, "Bado kupinda! Bado kupinda!" Benjamini akachomoza kichwa dirishani. "Tutamalizia kulekule!" Malipo alimaliza, hilo simsingizii.

Baada ya wiki tukaletewa kadi za mwaliko wa maonyesho, kwenye jumba moja la sanaa kule Posta. Mbele ya kadi palikuwa na picha ya miguu. Chini yake jina la Benjamini, kubwa.

Hapa nakiri, mimi ndiye niliyechochea.

"Fundi, hii miguu ya nani?"

"Yangu."

"Na jina?"

Akainama, akaokota sindano ambayo haikuwa imeanguka.

Mchana huohuo nikafunga duka, tukaenda Posta. Alitupokea Caroline, msimamizi wa maonyesho, dada mwenye miwani mikubwa na sauti ya chini kama yuko wodini. Benjamini alikuwepo. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, hata simu nimeishika juu, tayari kurekodi. Fundi akasema neno moja tu: "Nataka jina langu liandikwe pale chini."

Caroline akamtazama Benjamini. Benjamini akaitazama simu yangu. Kisha akagundua kwamba hilo lilikuwa wazo lake tangu mwanzo, na kwamba usiku kucha alikuwa akiliwaza neno "ushirikiano". Wakakubali. Jina litabandikwa ukutani, herufi za ukubwa wa kiganja.

Ungemwona Fundi wiki ile! Aliwaambia wauza kanga, wabeba mizigo, muuza kahawa, hata askari wa jiji aliyekuja kutusumbua kuhusu baraza. Tatu, mkewe, akakusanya wanawake kumi na mmoja wa Magomeni, wakachagua kitenge cha sare, na Fundi akashona magauni yote kumi na mawili kwa furaha. Jumamosi wote wangekwenda kulisoma jina la mume wa Tatu ukutani. Miaka thelathini na nne ya ndoa, mama wa watu amelala na makelele ya cherehani, naye alikuwa na haki yake.

Ijumaa, baada ya swala, Caroline akatuita tukalione kabla ya wageni. Tukaingia ukumbini. Pale chini ukutani paliandikwa: Mshono, Fundi Twaha Kibwana, Kariakoo. Fundi akasoma mara tatu, akapangusa macho kwa mkono wa shati. Kisha akainua uso kutazama kitambaa.

Kilikuwa hakijapindwa. Kingo zote nne zilikuwa wazi, nyuzi zinaning'inia hadi sakafuni, na mahali pengine ilionekana wazi mtu amezivuta kwa vidole zifumuke zaidi. Niliona shingo ya Fundi ikisimama mishipa.

"Mwanangu," alimwambia Benjamini, "mlisema mtamalizia."

"Imeisha, mzee wangu. Nyuzi zinazofumuka ni historia inayokataa kufungwa."

Fundi alichomoa sindano kwenye kola, mahali anapoiweka siku zote, tayari ina uzi, akaenda ukutani. Caroline akapiga yowe, na sauti ile ya wodini ikapotea kabisa. Haruhusiwi kugusa! Akamkimbilia na glavu nyeupe. Glavu! Mtu aliyekaa na kitambaa hicho mapajani wiki mbili, paka wa mtaa akilalia ncha yake!

"Nipeni mpaka alasiri tu, nipinde," alisema Fundi.

Haikuwezekana. Kuna makumbusho ya nje ya nchi yalikuwa yanakitaka hivyohivyo, yameshaona picha, na picha ina nyuzi. Benjamini akaeleza tena kuhusu historia, safari hii kwa mikono.

Fundi akatazama jina, akatazama kingo, akatazama jina. "Kesho kina mama watasoma hapa, halafu watatazama pale," alisema. "Watasema Twaha kazeeka, macho yamekwisha. Siwezi. Kama hamtaki nipinde, ondoeni jina."

Caroline, namtendea haki, alimsihi. Alisema kazi yake ni nzuri, alisema wageni wataelewa. Benjamini hakusihi. Kijana ambaye sijamwona akishika sindano, siku hiyo kucha zake zilikuwa na ufundi wa ajabu. Aliinama, akaanza kubandua herufi ya kwanza.

Njia nzima nilimfokea Fundi. Nilimwambia ni mpumbavu, nilimwambia amempa yule kijana alichokuwa akikitaka tangu siku ya kwanza. Nilikuwa na hasira hadi daladala ikatupitisha kituo chetu.

"Wewe ungeweza kuliacha pale?" aliniuliza.

"Na Tatu utamwambiaje?"

Hakumwambia neno.

Jumamosi wakaja, wanawake kumi na wawili wa kitenge kimoja, wametia udi, wanameremeta. Wageni wengine walidhani ni sehemu ya maonyesho na wakawapiga picha. Tatu alitangulia, akapita ukuta kwa ukuta akitafuta jina. Alipofika kwenye kanga arobaini akasimama. Alisoma karatasi ya pembeni mara mbili. Lilikuwepo jina moja tu.

Fundi alikuwa amesimama nyuma yangu, na mimi si mnene kiasi cha kumficha mtu.

"Baba Nasreen," aliita mkewe bila kugeuka, "hii si ndiyo yako uliyokuwa ukiniambia?"

Nikafungua mdomo. Fundi akanibana kiwiko.

"Si hii," alisema. "Yangu hawakuitundika."

Tatu akashika ncha ya uzi mmoja, akausokota kwa vidole kabla mlinzi hajamkemea. Uso ukamkunjuka. "Nilijua tu," aliwaambia wenzake kwa sauti, ukumbi mzima ukasikia. "Mume wangu hawezi kuachia nguo hivi hata akiwa na homa." Wanawake wakaitikia. Kisha akasogea karibu zaidi na kitambaa, akavaa miwani, akafuata kwa macho mshono mmoja wa katikati kutoka juu hadi chini. Akafuata wa pili.

"Ila aliyeunga hapa katikati ni fundi," alisema taratibu. "Tazama maua yanavyokutana. Kama mkono wako, Baba Nasreen."

"Labda," alisema Fundi.

Tatu akamgeukia Caroline. "Mwanangu, aliyeshona hii ni nani?"

Caroline alikuwa ameshika rundo la karatasi za maonyesho. Alimtazama Fundi, na Fundi alikuwa akitazama viatu vyake. Benjamini akajongea akitabasamu, glasi ya juisi mkononi, akasema ni yake, karibuni sana mama zangu.

Tatu akampa mkono, akaushika kwa mikono yake miwili kama anavyowashika vijana wa mtaani waliofaulu kidato cha nne. "Hongera, mwanangu. Una mkono mzuri kwelikweli, usiuache. Ila kupinda hujui, na usione aibu, utajifunza. Njoo Kariakoo, Mtaa wa Uhuru, umuulize mume wangu. Atakufundisha bure."

Kisha akamtazama mumewe, anasubiri.

"Aje Jumatatu," alisema Fundi Twaha.