Vidole Vinne vya Maji

Nilikuwa mwizi nikiwa na miaka kumi na minne, tena mwizi hodari. Sikuvunja mlango wa mtu wala sikuchomoa kitu mfukoni mwa mtu. Niliiba maji, mchana kweupe, nimesimama ndani yake hadi magotini, na wapita njia wakinipungia mkono.

Sisi wa milimani tulikuwa na ndiva, bwawa la mawe na udongo ambalo babu zetu walilichimba juu ya mashamba. Usiku kijito kililijaza, asubuhi lilizibuliwa, na maji yakashuka kwa mfereji hadi kwa mwenye zamu. Baba yangu ndiye aliyekuwa mtunza ndiva, kama baba yake. Zamu hazikupimwa kwa saa, maana saa ya mkononi alikuwa nayo mwalimu mkuu peke yake. Zilipimwa kwa fimbo yenye alama zilizochongwa kwa kisu. Fimbo ilisimamishwa juu ya jiwe bapa ndani ya maji, na maji yakishuka alama mbili, zamu yako imekwisha. Mwenye fimbo anapaza sauti, "Imefika!", na baba anaziba tundu kwa jiwe na matope. Maji yaliyobaki baada ya zamu zote yalikuwa haki ya nyumba ya mtunza ndiva.

Mwaka ule macho ya baba yaliingia ukungu, akawa hazioni alama. Akanipa mimi fimbo. Wazee walinung'unika: tangu lini mtoto wa kike akashika fimbo ya ndiva? Baba akawajibu kwamba huyu wa kike ana macho. Nilivimba kichwa wiki nzima.

Ndipo kaka yangu akarudi kutoka mashamba ya mkonge. Alirudi na suruali ya bugaluu inayofagia njia, viatu vya raizoni vilivyompandisha juu karibu shibiri nzima, na mipango tele. Nilimpenda kupita kiasi, nisifiche. Alipanda nyanya kwenye kipande cha baba, za kuuza Same, ambako abiria wa mabasi walinunua wakiwa dirishani. Nyanya zinataka maji, na mabaki ya ndiva hayakuzitosha.

"Mdogo wangu," aliniambia siku moja tukipalilia, "ukiiinua ile fimbo kidogo, maji yatafika alama gani?"

Nikafikiri. "Ya chini."

"Haya. Mwenye zamu atafungiwa mapema, na kwetu yatabaki mengi. Vidole vinne tu. Nani atajua?"

"Kaka, huo si wizi?"

"Wizi wa nani? Tutainua siku ya shamba la kijiji. Shamba la wote, na wewe umo humo kwenye wote. Unajiibia mwenyewe. Nani atakufunga kwa kujiibia mwenyewe?"

Hata leo sijapata jibu zuri la swali hilo, na nimekuwa mtu mzima siku nyingi.

Siku ya shamba la kijiji baragumu la msaragambo, la kuita watu kwenye kazi ya pamoja, lililia alfajiri, na kila mwenye mikono akateremka na jembe, baba akiwamo. Kaka alijitolea kukaa kwenye tundu badala yake. Wakamsifu kwa moyo wake wa kujitolea! Nikabaki mimi na fimbo, na yeye na mluzi wake. Tulikubaliana kwamba akipiga mluzi mara moja, ninainua.

Alipopiga, moyo ulinienda mbio hadi nikadhani mawimbi yake yanaonekana majini. Nikainua vidole vinne. Fimbo haikulalamika, anga halikuanguka. "Imefika!" nikapaza sauti, na huko chini watu wakaendelea kulima huku wakiimba. Nilitaka kucheka, nilitaka kukimbia, nilitaka kuinua tena. Sijawahi kujisikia mtu wa maana kama asubuhi ile.

Tuliinua wiki baada ya wiki. Nyanya zikanenepa. Kaka akanichukua Same, nikakaa kiti cha dirishani kwenye basi, nikanywa soda baridi hadi pua ikaniwasha, na nikavaa raizoni za muuza viatu kwa hatua kumi kabla hajanifukuza. "Mavuno yajayo ni zako," kaka akasema. Nikamwamini kabisa.

Kisha jua likazidi, kijito kikapungua, na siku moja ya juma haikumtosha tena.

Ilikuwa zamu ya mama mmoja mjane, jirani yetu. Mahindi yake yalikuwa yamejikunja majani. Alikuwa amesimama mbali kwenye mfereji wake na jembe begani, akisubiri. Baba alikuwa kwenye tundu, amekaa na jiwe lake la kuzibia kando. Ghafla nikasikia mluzi kutoka migombani, mara moja.

Nilijua si siku ya shamba la kijiji. Nilimwona yule mama. Hata hivyo mkono ulikwishazoea, na ukainua.

"Imefika!"

Baba hakunyanyuka. Aliinamisha sikio kuelekea tundu, pale maji yalipokuwa yakinguruma. Kumbe macho yalipomwacha, alianza kuyapima maji kwa sauti yake, na yakipungua sauti inashuka.

"Bado," alisema.

Watu waliokuwa wakisubiri zamu zao waligeuka kunitazama. Nikairudisha fimbo juu ya jiwe, na maji yakapanda vidole vinne mbele ya macho ya wote. Nilitamani ndiva inimeze.

Wazee walikutana palepale. Wakasema fimbo iondolewe nyumbani kwetu. Baba alisimama akasema kosa ni la nyumba yake, na mpaka mvua zinyeshe hatachukua mabaki hata tone, yakae ndivani kwa ajili ya watu. Kuhusu fimbo alisema, "Ataishika yeye yule. Na kesho zamu ni ya mama huyuhuyu. Njooni wote mtazame."

Kaka alinifuata shambani jioni. Nyanya zilikuwa kwenye maua. "Inua kesho," alinisihi, na sijawahi kumwona akinisihi. "Wakishaondoka nitazibua mwenyewe. Usipoinua zinakufa, na mimi naondoka."

Kesho yake kijiji kizima kilijipanga ukingoni. Maji yakanguruma. Mluzi ukaja kutoka migombani, kisha wa pili, kisha wa tatu, na huo wa tatu ulikatika katikati. Nilikuwa nalia waziwazi, na fimbo nimeikandamiza jiweni kwa mikono miwili. Nikasikia raizoni zikigonga mawe, zikishuka kuelekea barabara ya Same, na sikugeuka.

Maji yaligusa alama ya pili.

"Imefika," nikasema, kwa sauti ndogo kuliko siku zote.

Baba hakuinamisha sikio. Alichukua jiwe lake, akaziba.