Mtaro wa Mutisya Niliupima Sawa

Siku ya kwanza, Bwana Kilimo alinipa kamba na pima maji, kale kachupa kenye kiputo ndani, akaniuliza nimesoma hadi wapi.

"Darasa la tatu."

"Yatosha. Kwa milima hii ya Kilungu macho yatakudanganya. Kiputo hakidanganyi."

Basi nikawa mpimaji wa mwethya, kundi letu la kulimiana kwa zamu. Tulichimba fanya juu, yaani mtaro ambao udongo wake unautupa upande wa juu, uwe ukingo. Juu kabisa ya shamba tulikata mtaro wa kukinga, wa kupeleka maji ya mvua korongoni. Huo ndio wenye kazi: kila urefu wa kamba unashuka kidole kimoja tu. Ukizidisha, maji yanakimbia na shamba. Nilijivuna na bado najivuna. Ulibomoka mmoja tu, na huo ulibomolewa kwa jembe.

Aliyebomoa ni Mutisya, jirani yangu wa juu. Tuligombania mpaka, naye akaufungua mtaro wake upande wa kwangu, mvua ikiwa karibu. Maji yakala kingo zangu, yakaangusha ukuta wa jikoni, ukanivunja mguu. Mpaka leo nachechemea.

Naibu wa chifu akatuita ofisini. "Mama Mwende, msamehe. Jirani ni jirani."

"Kwani ameomba?"

"Wewe ni mtu wa kanisa. Salimianeni yaishe."

Yaishe! Mguu uliovunjika ni wangu, na anayeambiwa awe mpole ni mimi! Mutisya hakuambiwa hata aseme pole. Alinipa mkono akitazama dirishani.

Mwaka uliofuata zamu ya mwethya ikafika kwake. Mtaro ule aliobomoa ulitaka kupimwa upya. Wenzangu wakaanza: "Mwongezee vidole vitatu kuelekea kwake, Mama Mwende! Na yeye maji yamtembelee jikoni!" Wakacheka.

Mimi sikucheka, kwa sababu kigingi nilikuwa nimeshakipigilia vidole vitatu chini ya kipimo, kuelekea kwake. Nikainua macho. Mama yake Mutisya, mzee asiyeona, alikuwa ameegemea ukuta wa jikoni, anaota jua. Ukuta wa udongo, kama wangu. Ukuta ukikuangukia husikii kishindo. Unasikia vumbi mdomoni.

Nikang'oa kigingi, nikakipigilia penye kipimo.

"Nimekupimia sawa," nikamwambia Mutisya mbele ya watu. "Lakini usidhani nimekusamehe. Maneno yako bado nayangoja."

Akainama, akaendelea kuchimba.

Nilingoja miaka saba. Goti lilikataa milima, kamba nikamwachia binti yangu. Asubuhi moja nikamkuta Mutisya shambani kwangu na jembe, anainua kingo zilizoliwa na yale maji. Kesho yake akarudi tena. Siku ya tatu ndipo akavua kofia.

"Mwaitu," akaniita, yaani mama kwa Kikamba chetu, "ule mtaro niliufungua mimi. Nilitaka uumie. Nisamehe."

Nililia kwa hasira. Maneno machache hivyo, miaka saba!

Sasa nyinyi vijana mnaopatanisha watu, mbona mnamkimbilia aliyevunjika mguu? Anzeni na mwenye jembe. Mimi nilimsamehe Mutisya siku hiyo, si ile ya ofisini.

Nikamletea uji. Alipomaliza nikamwonyesha kwa fimbo: "Hapo umepima kwa macho. Bomoa, uanze tena."