Barua kwa Mabinti wa Rais

Harufu ya sombe, majani ya muhogo yaliyopikwa kwa mawese, ilikuwa imeingia hata kwenye makoti yetu majira yale ya baridi, tulipokuwa tukiishi Grant Street, mjini Buffalo, juu ya duka la kutuma pesa. Nilikuwa na miaka kumi, mdogo wangu Faida saba. Dada yetu mkubwa, Nabintu, hakuwapo. Vita ilipotutawanya alikuwa kwa bibi. Tukadhani amekufa, na jina lake halikuandikwa kwenye faili letu la kuhamia Marekani. Alipopatikana hai katika kambi ya wakimbizi, sisi tulikuwa tumekwisha kufika huku. Kanisani walimwita mama Mama Nabintu, kama ilivyo desturi, na kila mara alichelewa kidogo kuitika.

Rais wa wakati ule alikuwa na mabinti wawili. Mama alikata picha yao gazetini akaibandika juu ya sinki. Jioni moja akanipa kalamu. Kwetu, alisema, mkubwa haombwi uso kwa uso. Ombi hupitia nyumbani kwake, kwa watoto. "Bon, andika. Waambie sisi tuko wawili kama wao, lakini tulikuwa watatu. Wamuombe baba yao atuletee Nabintu." Akaweka na vitenge viwili vipya, kwani mkono mtupu haulambwi. Jirani yetu, Mama Sifa, alicheka mpaka akaketi. "Donc, sasa mumekuwa wakwe wa rais?" Mama akamjibu, "Cheka tu. Siku Nabintu atashuka ndege, wewe ndiye utanibebea sufuria."

Mama hakujua kusoma Kiingereza. Nami niliona haya kuwaomba wasichana niliowatazama kila nilipoosha vyombo; nilitaka wanione mwenzao, si mkimbizi. Basi nikauliza niliyotamani kuyajua: nani anawasuka, kama na wao hugombania blanketi, kama mlinzi huingia nao darasani. Nabintu sikumtaja. "Umeweka yote?" mama akauliza. Nikasema yote.

Wiki nyingi zikapita, ikaja kadi nene yenye picha ya familia ile na shukrani zilizochapwa kwa mashine. Mama aliipitisha kanisani mkono kwa mkono, akampigia Nabintu simu: "Watoto wa rais wamejibu. Jitayarishe." Kule kambini Nabintu akaacha kujifunza cherehani, akamkataa kijana aliyemchumbia, asije akakutwa amefungwa na ndoa siku ya safari. Mficha uchi hazai, wanasema wazee. Lakini mimi niliuficha uchi wa mwingine.

Shule niliiacha mapema. Nimepakia maboksi Louisville, nimekata nyama kiwandani Columbus, nimerudi Buffalo, na popote nikizoea naondoka. Mabinti wale ni wanawake wazima sasa; nawaona kwenye simu wakikimbizwa na wapiga picha, nami bado najiuliza maswali yaleyale juu yao. Labda ombi lisingesaidia kitu. Sikuomba, kwa hiyo sitajua. Nabintu bado yuko kambini. Juzi aliniuliza, "Mdogo wangu, wewe ndiye uliandika. Ulisema nini juu yangu?" Nikamwambia nilisema yeye ndiye mwenye roho nzuri kuliko sisi sote. Akaomba nimtamkie kwa Kiingereza, vilevile nilivyoandika. Nikatunga papo hapo, sentensi tatu, nne. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuelewa hata neno moja, kisha akasema asante.